Randa ya Vithal

Ghalib alikuwa seremala hodari, mtu wa Malindi, Unguja, ila kuomba radhi kulimshinda tangu utotoni. Nayasema haya mapema, msije mkanilaumu mimi.

Mwaka wa sabini na saba alikuwa karakana moja ya mtaa wa Kandara, Jeddah, mji ukijengwa mbio mbio. Mafundi kumi na wawili, na wenye Kiswahili wawili tu: yeye na Vithal, Baniani mzaliwa wa Mkunazini, Unguja hiyo hiyo. Mchana walikula pamoja wakimsengenya bosi mbele yake, raha tupu.

Kila mwaka Vithal alikuwa na siku ya kupumzisha vyombo vyake vya kazi. Alivipangusa, akavifunga kitambaa, asiviguse, na Ghalib akamfanyia kazi yake, bosi asijue. Sababu alimsimulia. Hapo kale miungu ilishindwa na jitu lisilouawa kwa silaha ya chuma wala mti. Mtawa mmoja, Dadhichi, akakubali kufa ili mifupa yake ifanywe silaha.

"Basi kila chombo kina mtu ndani yake," alisema Vithal.

Ghalib akacheka. "Na randa yako hii ya Kijerumani ina mifupa ya nani?"

Mwaka huo wa sabini na saba milango ya jumba la Al-Hamra ilichelewa, bosi yalla, yalla kutwa nzima, na kisu cha randa ya Ghalib kikakatika. Siku yenyewe ikawa ile ile ya kupumzisha vyombo. Akafungua kitambaa cha mwenzake, akaichukua randa, akafanyia kazi. Vithal alimwona. Tangu hapo akamsemesha Kiarabu tu, kama mtu baki.

Neno la radhi lilimshinda Ghalib wiki tatu nzima. Ya nne, ikama ya Vithal, kibali chake cha kuishi, ikaisha, kafili mdhamini wake akasema halas, basi, akapandishwa ndege. Asubuhi yake Ghalib akakuta randa juu ya benchi lake, imefungwa kitambaa kile kile.

Siku ile ya vyombo anajua huwa ya kumi ya mwezi mwandamo. Mwezi gani, hakuwahi kuuliza. Basi kila mwezi ukifika siku kumi huifunga kitambaa, haigusi, na bosi akoromee atakavyo. Mchana hula peke yake, na upweke unamuuma hasa. Huiweka randa pembeni, akaisemesha Kiswahili.

"Vithal, niwie radhi, bwana."

Ya mifupa ya nani, haulizi tena.