Dawa ya Batiki Iliyofia Kwenye Gazeti

Saa moja asubuhi, uani mwa nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Bi Severa Bakili anachovya kipande cha shuka kuukuu katika beseni la rangi. Anakitoa kwa kijiti, anakitazama, anasonya.

"Jioneeni wenyewe," anawaambia wenzake. "Kilitakiwa kitoke kijani, kikipigwa na upepo ndipo kigeuke buluu. Hiki kimetoka buluu tangu majini. Hii si rangi, ni matope."

Anakifikicha kwenye maji safi. Buluu yote inabaki viganjani.

Bi Severa, mwenye miaka arobaini na sita, alikuja mjini kutoka Masasi akimfuata mumewe, kuli wa bandarini. Mume alipoumia mgongo, yeye akajiunga na kikundi cha batiki cha akina mama wa mtaani. Mwezi mzuri hubakiwa na shilingi mia nne.

Leo wana majora mawili ya marekani, kitambaa cheupe cha pamba, mali ya Mama Zamzam, anayemwoza binti yake Jumamosi. Jora moja ni la mashangazi wa bibi harusi, la pili ni la upande wa bwana. Ameyapata kwa foleni ya kukanyagana.

Kinachowaangusha ni unga mweupe uitwao haidrosi, ule unaoyeyusha rangi ikaingia ndani ya uzi. Ukiwa mzima, harufu yake humkaba mtu koo. Ukila unyevu, au ukizeekea kwenye joto, hubaki mweupe vilevile lakini haufanyi kazi.

Kopo la haidrosi lilipokuja, wanakikundi walifanya kama wafanyavyo kwa sukari: walilifungua mbele ya wote, wakagawana sawasawa, kila mtu na fungu lake kwenye karatasi ya gazeti. Siku hizi za uhaba wa bidhaa na msako wa walanguzi, hakuna anayetaka kopo zima lionekane chumbani kwake.

"Likilala kwangu, kesho naitwa mhujumu uchumi," anasema Bi Zamda, mwenyekiti wao. "Tumegawana, hakuna kijicho."

"Mmegawana maiti," anasema Bi Severa. "Dada Zamda, fungu lako ulilihifadhi wapi?"

"Jikoni, juu ya kabati. Pakavu."

"Penye mvuke wa sufuria!"

"Basi ongeza kijiko, mwenzangu, usinisomee risala."

Wanaongeza. Wanaongeza tena. Kitambaa kinachuja tu. Fungu la Bi Paskalina, lililokaa chini ya kitanda tangu masika, limeshikana kama jiwe la chumvi.

Bi Severa anaingia ndani, anarudi na chupa iliyokuwa ya kahawa ya unga, mfuniko umezungushiwa nta ileile wanayochorea batiki. Ni fungu lake, alilolitoa kwenye gazeti siku ileile ya mgawo. Anapangusa kijiko kwa ncha ya kanga, anapangusa tena.

"Kijiko kibichi hakiingii humu," anasema. "Huu ukiguswa na maji chupani unapata moto wenyewe."

Anatia dawa kwenye beseni; harufu inapanda, akina mama wanakohoa. Kitambaa kinatoka kijani.

Lakini chupa inatosha jora moja. Mama Zamzam anaitwa.

"Unaniambia nini mie, Bi Severa? Mashangazi wavae, mawifi wakae?"

"La pili nikilitia dawa hii mfu, litachuja kwa jasho la ngoma. Wageni wako watarudi makwao na migongo ya buluu."

Mama Zamzam anakaa kwenye kinu, mkono shavuni. "Haya, watilie mashangazi. Upande wa bwana watanisema mpaka mjukuu aote meno."

Jora la pili linarudi kwake jeupe, na nusu ya pato la kikundi linakwenda nalo.

Kopo jingine linatarajiwa mwezi ujao. Bi Severa hataki lifichwe. Anataka ligawanywe siku hiyohiyo, mbele ya wote, lakini kwenye chupa kavu zilizojazwa hadi shingoni na kuzibwa kwa nta, zisifunguliwe mpaka asubuhi ya kutia rangi. Bi Zamda amekubali, mradi kila mtu alete chupa yake.

"Chupa wanazo, za mafuta ya taa," anasema Bi Severa akianika jora la mashangazi. "Watazikosha, watazianika. Vizibo ndivyo hawana, wanaziba kwa magunzi ya mahindi, na gunzi hunywa unyevu! Nimewaambia mapema: atakayeniletea chupa yenye gunzi, aondoke nayo."