Binti Ukungu na Jina la Wawira

Dawa ya kuchua kifua ina harufu yake, ile ya kafuri inayopanda puani mpaka machozi yakutoke bila sababu. Hapa Makutano, Meru, ninakoshonea nguo kwenye kibanda cha mabati, harufu hiyo haipiti mara nyingi. Zinazopita ni za moshi wa malori, mahindi ya kuchoma na miraa mbichi. Lakini wiki jana mzee anayetandaza vitabu vikuukuu kwenye gunia karibu na mlango wangu alifungua katoni mpya, nayo ikanijia. Labda katoni ilikuwa ya dawa kabla haijawa ya vitabu. Niliacha suruali ya mteja chini ya sindano ya cherehani, nikatoka nje. Juu kabisa ya rundo lile alikuwepo Binti Ukungu kwenye jalada la katuni, na gauni lake jeupe lisilo na miguu chini yake.

Wanaonijua hapa sokoni wananijua kwa kucheka. Hili sijawahi kumwambia mtu, kwa hiyo kaeni tu karibu.

Nilizaliwa Karurumo, upande wa Runyenjes, kwenye shamba la kahawa linaloteremka mpaka kijitoni. Tulikuwa wasichana wawili, dada yangu Wawira, na mimi Igoki niliyezaliwa miaka mitano baada yake. Kwetu Embu jina la mtoto halitafutwi. Msichana wa kwanza ni mama wa baba, wa pili ni mama wa mama. Wala si kuitwa tu. Mtoto ndiye huyo mtu, amekuja tena. Ndiyo maana baba alimwita Wawira "mami", na akimtuma kitu alimtuma kwa adabu kidogo. Cucu mwenyewe, mama yake baba, mwenye jina, alikuwa akimtania: "Mimi mdogo, hebu niletee maji mimi mkubwa ninywe."

Wawira alikuwa mgonjwa wa moyo. Ugonjwa ulianza kama maumivu ya koo, ukaenda kwenye magoti na viwiko, ukaishia moyoni. Kila mwezi mama alimpeleka Embu mjini kudungwa sindano, na sindano hiyo ilikuwa kali hivi kwamba alirudi akichechemea, mkono mmoja begani mwa mama. Mkono mwingine ulikuwa umeshika katuni. Mama alikuwa akimnunulia pale steji ya matatu kumnyamazisha, toleo jipya la Binti Ukungu kila mwezi, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani sana na mimi nipate moyo mgonjwa.

Binti Ukungu alikuwa msichana aliyeitwa Tatu. Alikuwa amezama mtoni katika toleo la kwanza, ambalo sisi hatukuwahi kuliona, na tangu hapo alirudi kila ukungu uliposhuka. Alirudisha ng'ombe walioibwa. Alimtisha mama wa kambo mpaka akapika chapati. Mwisho wa kila toleo ukungu ulijikunja kama blanketi, naye akaenda nao.

Katuni ilikuwa ya Kiswahili, na mimi nilikuwa darasa la kwanza. Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya mwalimu na ya redio, nyumbani tuliongea Kiembu. Kwa hiyo Wawira alisoma kimoyomoyo, akafikiri kidogo, kisha akatuambia kwa Kiembu walichokuwa wakisema. Tulikaa nyuma ya jikoni palipokuwa na jua, yeye amejifunika shuka, mimi nimemwegemea, na Njeru wa jirani amechuchumaa mbele yetu akitafuta makosa.

"Kama hana miguu," Njeru aliuliza siku moja, "huwa anatembea na nini?"

"Wewe una miguu na kila siku unachelewa shule," Wawira akamjibu. "Nyamaza nisome."

Tulicheka mpaka Wawira akashikwa na kikohozi, na mama akaja kutufukuza na mwiko.

Mwaka huo sindano ziliacha kumsaidia. Miguu ilimvimba, akawa halali chali, analala amekaa, ameegemea gunia la maharagwe ambalo baba aliliweka nyuma ya mito. Mama alimpaka ile dawa ya kifua asubuhi na jioni. Sidhani ilifanya kazi yoyote moyoni, lakini mama alihitaji kitu cha kupaka. Katuni zilikaa chini ya mto zikanuka kafuri zote. Na mama mwenyewe alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni.

Toleo la mwisho alilonisomea lilikuja mwezi wa sita. Hakwenda kulichukua mwenyewe, mama alimletea. Nilipanda kitandani nikakaa upande wa ukutani. Picha naikumbuka mpaka leo. Mama yake Tatu amekaa mlangoni na mtoto mchanga kwenye kanga, analia, na Tatu amesimama kwenye ukungu akinyoosha mkono. Juu ya kichwa chake kulikuwa na maneno mengi.

Wawira aliyasoma kimya. Kisha akaufunika ukurasa kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka nikamsukuma kwa kiwiko.

"Anasemaje?"

"Anasema…" Alipumua kwanza, maana hata kuongea kulikuwa kupanda mlima. "Anasema, 'Mama, usimpe huyo mtoto jina langu. Mkimpa jina langu, sitajua tena njia ya kurudi.'"

"Na mama yake anasemaje?"

"Anasema sawa." Aliifunga katuni, akairudisha chini ya mto. "Igoki, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Usisahau."

Wawira alitutoka mwezi wa saba, mchana, mimi nikiwa shuleni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Niliporudi nyumbani kulijaa wanawake, sufuria kubwa la chai liko kwenye mafiga matatu, na mmoja wao, mama mwema kabisa wa kanisani kwetu, anawashia moto kwa makaratasi aliyoyakuta akisafisha chumba. Nilimwona Binti Ukungu akijikunja kuanzia pembeni, akawa mweusi. Watu walikunywa hiyo chai, na mimi nilipewa kikombe.

Sikulia sana, na watu walilisema hilo. Hawakujua kwamba nilikuwa na mpango. Mwezi wa saba na wa nane ukungu wa kwetu unashuka kutoka mlimani unalala kwenye mikahawa mpaka saa tatu, hata huoni choo. Kila asubuhi kabla ya shule nilitangulia kwenda kwenye njia ya kijitoni, nikasimama pale nimeshika mkoba wangu. Nilikuwa nimembebea Wawira mkate wake, ule wa pembeni wenye ganda alioupenda. Kengele ya shule ikilia, nilikuwa nakula huo mkate nikikimbia.

Asubuhi moja nilimwona. Alikuwa anapanda kutoka kijitoni polepole, ameinama, anapumua kwa nguvu vile vile alivyokuwa akipumua Wawira. Miguu haikuonekana. Nilikimbia nikamkumbatia tumboni kwa nguvu zangu zote.

"Uui! Igoki! Unataka kuniangusha na nyasi?"

Alikuwa mama Njeru, na mzigo wa nyasi ya ng'ombe mgongoni. Nilibaki nimemshikilia. Akanitazama usoni, akautazama ule mkate, halafu akaitoa kamba kwenye paji la uso, akaacha mzigo udondoke kwenye umande. Alichutama akanifuta kamasi kwa upindo wa leso yake, akanishika mkono mpaka langoni mwa shule, na ng'ombe wake wakangoja.

Mwisho wa mwezi wa nane mama alijifungua. Nilikuwa mlangoni wanawake walipofika na uji kwenye vibuyu, ndizi na kuni. Kwetu hawaulizi mtoto ni wa kiume au wa kike. Wanauliza, "Amekuja nani?"

"Wawira," cucu akajibu kutoka ndani. Vigelegele vikapanda hadi kwenye paa. Nikamsikia baba, ambaye tangu mazishi hakuwa ameongea zaidi ya maneno matano kwa siku, akisema kwa sauti ya chini sana, "Mami."

Nilimchukia baba. Nilimchukia na yule mtoto mwekundu aliyefumba ngumi. Niliona njia yote kutoka kijitoni mpaka kwetu inafungwa, na hakuna anayejali ila mimi.

Baada ya siku chache mtoto alitakiwa chanjo, na mama alikuwa na homa hawezi kusimama. Cucu akambeba, nikatumwa kumsindikiza, maana muuguzi alikuwa mgeni wa kutoka mbali, hajui Kiembu, na cucu hakujua Kiswahili ila salamu na asante. Baba hakuwepo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Kiswahili changu kilikuwa cha "jina langu ni" na "huyu ni ng'ombe". Kwa kazi ile kilitosha.

"Jina la mtoto?" muuguzi akauliza, kalamu juu ya kadi.

Cucu akanigeukia. "Anasemaje?"

"Anauliza mtoto anaitwa nani."

"Mwambie ni Wawira. Mwambie huyu ni mimi!" Cucu alijipiga kifua kwa kiganja akacheka na fizi zake zote.

Nikamtazama muuguzi. "Anaitwa Kanini," nikasema.

Kanini kwetu ni kadogo, jina la kumwita mtu ambaye hujaamua ni nani. Muuguzi akaandika. "Kanini. Jina zuri," akasema, akampa cucu kadi. Cucu, aliyedhani mtoto anasifiwa udogo wake tu, aliipokea kwa mikono miwili. "Asande," alisema. "Asande sana."

Baba aliisoma kadi jioni ile, akaisoma tena. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

"Nani alisema hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini, Igoki?"

"Wawira akirudi atakosa njia."

Aliiweka kadi mapajani. "Umemfungia mama yangu nje," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayesoma tu kilichoandikwa pale. Kisha akatoka kwenda kwa ng'ombe, ingawa walikuwa wameshakamuliwa.

Kubadilisha lile jina kulihitaji mtu wa kwenda ofisi na kueleza mambo yote tangu mwanzo, kwamba kulikuwa na Wawira mwingine, na alipokwenda. Hakuna mzazi wangu aliyekuwa na nguvu hizo. Walisema mwaka ujao. Mwaka ujao walisema akianza shule. Alianza shule na kadi ile ile, akawa Kanini kwenye daftari za mwalimu, kisha kwa wenzake, kisha kwa mama. Cucu peke yake ndiye aliyemwita Wawira, na Kanini alikuwa akiitika kwa kumhurumia, kama unavyomwitikia mzee anayesahau. Cucu akafa Kanini akiwa darasa la tatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitwa Wawira katika nyumba yetu, na baba hakupata tena mtu wa kumwita mami.

Mimi niliendelea kungoja kwenye ukungu miaka miwili. Kisha siku moja sikwenda, wala sikwenda tena, na sikumbuki hata ni kwa nini. Labda mvua.

Ile katuni ya Makutano ilikuwa ndiyo lile toleo. Nililijua kabla sijafungua. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikafika kwenye ukurasa wa mama na mtoto mchanga, na safari hii nilikuwa na Kiswahili changu mwenyewe. Tatu ananyoosha mkono kutoka kwenye ukungu, na juu ya kichwa chake imeandikwa:

"Mama, usilie. Mpe huyu mtoto jina langu. Likipata mtu wa kuliitikia, mimi nitapumzika."

Nilisoma mara ngapi sijui. Mteja alikuja kuuliza suruali yake akaondoka.

Dada yangu alikuwa anajua kusoma. Alikuwa wa pili darasani hata kwa kukosa nusu ya masomo. Alikuwa amelala pale ameegemea gunia, anaona tumbo la mama likipita mlangoni kila siku, na alijua desturi yetu vizuri kuliko mimi. Alijua kwamba akiondoka, msichana wa kwanza atakayekuja atakuwa Wawira, vigelegele vitapigwa, na baba atasema mami tena. Sisi wengine tulimdhania mtulivu. Kumbe alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayeogopa kwamba nafasi yake itajazwa kabla nyasi hazijaota. Hakuweza kumwambia mama. Aliweka kiganja juu ya maneno, akamtafuta mtu mmoja katika nyumba nzima ambaye hajui kusoma, akamwomba.

Na mimi nikafanya alivyoniomba. Nililinda nafasi yake mpaka ikabaki tupu. Nikipima nani nilimkosea, namwona cucu na mikono yake miwili, namwona baba akienda kwa ng'ombe waliokamuliwa, namwona mtoto aliyekua kadogo tu. Lakini nikimwona Wawira na kiganja chake juu ya ule ukurasa, sijui ningemjibu nini kingine.

Kanini amefikisha miaka kumi na minane, wiki hii anakwenda kuchukua fomu za kitambulisho. Nilimpigia simu jioni ile, katuni iko mapajani, harufu ya kafuri imejaa kibanda chote. Alipokea. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia na mama alikuwa anaita mtu.

"Wawira," nikasema.



"Aki Igoki, umepiga ukitaka nani?" akauliza, akicheka. "Hapa ni Kanini."