Genge la Njia ya Kipsing

Asubuhi ile bado naikumbuka, mwanangu, ingawa ilikuwa miaka ya sabini, na siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa kijana, dereva wa lori la baba yangu hapa Isiolo, najiona najua kila kitu. Tulikuwa tunapeleka unga Kipsing. Kando yangu alikaa Mzee Athmani, fundi wa visima kutoka Lamu. Nyuma, juu ya magunia, alikaa mama mmoja Mturkana, Mama Ekai.

Mvua ilikuwa imeharibu njia ya kawaida, tukashika ile ya milimani. Mimi sikuijua. Mzee alikuwa amewahi kuipita.

"Yusuf, punguza mwendo," akasema. "Mbele pana genge."

Huku kwetu, genge lilikuwa majambazi. "Ni kubwa?"

"Kubwa sana. Mwaka jana liliua watu wawili."

Basi nikakanyaga mafuta. Niliwaza, tukipita kwa kasi hawatatupata.

"We! Wakimbilia genge?" Mzee alipiga kelele, akaushika usukani akauvuta. Lori likagonga jiwe, likasimama. Nilipofungua mlango wangu, chini sikuona ardhi. Palikuwa na ukuta wa mwamba ulioteremka moja kwa moja hadi korongoni. Mama Ekai alikuwa ameanguka, amevunjika mkono.

"Majambazi wako wapi?" nikauliza.

Mzee alinitazama bila kuelewa. Alipoelewa, akakaa chini kabisa. "Genge ndilo hili, mwamba uliokatika wima. Ndivyo walivyoliita babu zetu. Hilo lako limekuja na Wazungu, na vibarua wao wa barabara. Lakini mbona hukuniuliza, genge gani?"

Niliona haya, mwanangu, kuulizia Kiswahili. Mama Ekai nilimtembelea hospitalini, na kila mara aliniuliza kwa nini nilikimbiza gari. Baadaye mwalimu mmoja aliniambia ni kweli, lile la watu ni la Kiingereza. Asili ya lile la mwamba hakuijua. Mpaka leo jambo hilo linanichanganya.

Basi ukiambiwa neno, hata lile unalodhani umezaliwa nalo, muulize msemaji ana maana gani. Haya yangu ingekuwa ya dakika moja tu. Mkono wa mama yule haukunyooka tena.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akupe subira ya kusikiliza, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima. Amin.