Pua ya Mkaguzi wa Nyama

Baba mkwe wangu alikagua nyama machinjioni kwa miaka thelathini na moja, na siku aliyostaafu hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha. Koti jeupe alilirudisha. Mabuti ya mpira aliyarudisha, na muhuri wa kugongea mizoga akaurudisha kwa shingo upande. Pua akaja nayo nyumbani. Tangu hapo hakuna chakula kilicholiwa katika nyumba ile bila kupita chini ya pua hiyo, na mimi niliyeolewa na mwanawe, tena nisiyejua kupika, nikawa mshitakiwa wa kudumu.

Utaratibu ulikuwa huu. Unaweka sufuria mezani mbele yake. Anavua miwani, anafumba macho, anafunua kifuniko kwa mkono wa kushoto, anavuta pumzi mara tatu. Kisha anasema "Imepita" au "Tupa". Rufaa hakuna. Mume wangu ni dereva wa lori na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Aliniambia nizoee tu, maana machinjioni watu wenye ng'ombe hamsini walikuwa wakitetemeka mbele ya neno hilohilo. Ilikuwa rahisi kwake kusema, yeye anakula njiani.

Na nisijitakase, kazi nilimpa. Mwezi wa kwanza nilipika wali ukaungua chini, ukawa mbichi juu, na katikati ukawa uji. Nilikaanga kuku akawa mweusi nje, kukata paja, damu. Niliwahi kutia chumvi, nikasahau, nikatia tena, nilipoonja nikadhani ulimi wangu ndio mbovu. Yeye alikuwa akitoa hukumu na somo juu yake: nyama huanza kuharibika kwenye mfupa, mchuzi ukiufunika ungali moto utachacha, na mikono hiyo umenawa lini. Somo hilo alilitoa mbele ya majirani. Alilitoa mbele ya mama yangu mzazi siku alipokuja kunitembelea, naye mama akainamia sahani yake. Nilimchukia mzee yule, sitaficha.

Halafu, miaka miwili iliyopita, mafua yakamlaza kitandani wiki tatu nzima, na alipoinuka akawa mpole. Kila kitu kikapita. Maharage yaliyoungua mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama tuko salama, nayo yakapita. Nikaamini kwamba hatimaye nimejua kupika. Nilianza hata kuwapa wenzangu maelekezo kule shuleni ninakopiga chapa barua za mwalimu mkuu.

Ila aliongeza sharti jipya. Yeye ale kwanza, peke yake, halafu sisi tungoje nusu saa. Sababu hakutoa. Basi tunakaa, chakula kinapoa, utando wa mafuta unaganda juu ya mchuzi, naye ameshiba anatazama saa ya ukutani. Nilipojifungua, na mtoto akaanza kulishwa, sharti likamkumba naye: bakuli la uji mbele yake, analia machozi, na babu yake ameshakula vijiko vitatu vya uji huo na anahesabu dakika. Mume wangu alisema uzee umemgeuza baba yake mlafi. Nilikubali bila ubishi. Nikampachika jina la Mheshimiwa Kwanza, na kule kazini lilichekesha sana.

Mwezi uliopita akaniambia kwamba Jumamosi tutakuwa na wageni wa chakula cha mchana, wakaguzi wawili aliowafundisha kazi, ambao sasa ni wakubwa machinjioni. Alikata kucha. Alinyoosha shati mwenyewe. Ni lazima nieleze hapa kwamba wale wawili ndio watu pekee duniani waliobaki kumwita Mkuu. Kwetu alikuwa mzee mwenye masharti. Kwao alikuwa pua iliyowafundisha kazi, na hilo ndilo lililomweka hai.

Nyama niliipika Alhamisi jioni, sufuria kubwa, nikaitia kwenye friji. Ijumaa asubuhi nikachomoa waya wa friji ili nipige pasi mapazia ya sebuleni, kwa heshima ya wageni. Kuuchomeka tena, wapi. Jumamosi saa nne nilipofungua friji, joto likanipiga usoni. Mchuzi ulikuwa na povu juu, viputo vinapasuka kimoja kimoja, na harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili.

"Nimeshapima," akasema baba mkwe kutoka mezani. "Bakuli zima, saa tatu. Imepita."

"Baba, imechacha."

"Wewe ndiye wa kunifundisha nyama?"

"Inanuka, baba. Inanuka mpaka huku."

"Vitunguu vyako hivyo. Umetia vingi."

Hasira zikanipanda, nikaitoa sufuria ile nikaitua juu ya jiko. Miaka minne ya kutupiwa vyakula, miwili ya kula vilivyopoa, na leo nyama imeoza ndio anaipitisha. Uani nilikuwa na sufuria ya kulowekea nepi za mtoto, nimeziloweka tangu jana. Sufuria zetu zote zimetoka duka moja. Nikaifunika kwa kifuniko cha ile ya nyama, nikamwekea mezani.

"Nimepunguza vitunguu, baba. Hebu kagua tena."

Akavua miwani. Akafumba macho. Akafunua kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi mara tatu, ndefu, za kiofisi.

"Imepita," akasema. "Ongeza chumvi kidogo."

Kisha akavaa miwani.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Tayari nilikuwa naipanga hadithi ya kusimulia kazini Jumatatu. Lakini yeye hakufoka. Alizitazama zile nepi, akanitazama mimi, akarudisha kifuniko taratibu mpaka kikakaa sawasawa.

"Wanafika saa ngapi?" akauliza.

"Saa saba."

"Basi wasijue."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi, kwa sababu saa tano tumbo lilimkamata. Akawa wa chooni na kitandani, kitandani na chooni, na mimi wa kubeba ndoo, mtoto mgongoni. Wageni walipobisha hodi alikuwa hawezi hata kukaa. Mmoja alibaki naye. Mwingine, yule mnene, akaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa ya mgonjwa, na jikoni ile sufuria ya nyama ilikuwa bado juu ya jiko, nimeirudishia kifuniko tu, sikuwa nimepata wasaa wa kuimwaga. Alifunua, akafunika papo hapo.

"Nani ameipitisha nyama hii?"

Nafasi kama hiyo nilikuwa naiombea tangu nilipoolewa.

"Mimi," nikasema.

Bwana yule alinichamba kutoka jikoni hadi kwenye gari lake, na kutoka kwenye gari hadi zahanati. Inawezekanaje niishi nyumba moja na pua kama ile nisiitumie? Mkuu alikuwa akisimama mlangoni anajua ini lipi lina ugonjwa, na leo anakuja kulishwa uozo na mwanamke mvivu wa kuuliza. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, huku nikimbembeleza mtoto.

Muuguzi akamtundikia mzee dripu, akamwuliza, "Mzee wangu, kwani hukusikia harufu?"

"Asisikie, huyu?" mnene akadakia. "Amepewa kwa haraka na mkwe wake huyu hapa, hakupewa nafasi ya kukagua."

Baba mkwe akafumbua macho.

"Mwache mkwe wangu," akasema. "Mimi sisikii harufu. Mwaka wa pili huu, tangu yale mafua. Sisikii moshi, sisikii sabuni, sisikii kitu. Nilikuwa nakula kwanza nione kama tumbo litakataa, ndipo wao wale. Ningefanyaje, na kuna mtoto ndani?"

Mnene akatazama sakafu. Mimi nilitamani ile Jumatatu ya kusimulia isifike kamwe.

Mzee akageuza kichwa taratibu juu ya mto, akamtazama mtoto aliyekuwa sasa amelala kifuani kwangu.

"Huyu ana miezi kumi," akasema. "Watu husema mtoto ana harufu yake. Ya huyu siijui."

Nilivuta kiti karibu. Nikaweka pua yangu shingoni kwa mtoto, nikavuta pumzi, nikarudia ili nisikosee.

"Maziwa, baba," nikamwambia. "Maziwa yaliyoanza kuganda kidogo. Jasho, hapa nyuma ya sikio. Na sabuni ya kufulia, maana blanketi lake sikulisuuza vizuri."

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikosoa. Kisha akafumba macho, akaniomba nimweleze tena, polepole.