Mwenye Pompe na Mwenye Solisyon

Mwanangu, pompe ya baiskeli niliitoa mimi. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimelikana mbele ya baba yangu mdogo, mbele ya mama yangu, na hata padri, siku za kuungama, nilimpa dhambi nyingine zilizonona kidogo ili hii ya pompe asifike kuiuliza. Sasa wewe umenunua baiskeli, unataka kuanza safari za Wamaza na Kabambare, na jana umeniuliza mtu abebe nini njiani. Ungemuuliza fundi. Lakini umeniuliza mimi, na mimi siwezi kukujibu bila kuanza na pompe.

Siku ninayoikumbuka, hata pale ninapojitahidi kuisahau, ni ile niliyotoka Wamaza kwenda Kasongo kuanza kazi ya ualimu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimekwenda kumwonyesha nyanya yangu, mama wa mama yangu, memwari niliyoiandika mwisho wa masomo: kitabu chenye jalada gumu la kijani na jina langu kwa herufi za dhahabu. Nyanya hakujua kusoma. Alikipima kwa mkono, akasema, "Iko nzito. Umetumika kweli." Hakuna profesa aliyewahi kuisifu kazi yangu vizuri hivyo. Kitabu kilihusu matatizo ya usafirishaji vijijini kusini mwa Maniema. Baiskeli ilitajwa humo mara moja, ndani ya tanbihi.

Aliyekuja kunichukua ni Anselmi, mdogo wa baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kusafirisha mawese kwa baiskeli. Hakusafiri peke yake. Alikuwa na mwenzake wa njia, Ramazani, Mwislamu wa pale Kasongo mjini, mtu mrefu mwenye mzaha wa polepole. Mwezi wa kufunga, Anselmi alikuwa akinywa maji kwa kujificha nyuma ya bidoni zake za mawese ili asimtamanishe mwenzake, na Ramazani, bila kugeuka, alikuwa akisema, "Kunywa tu, nasikia koo yako mpaka huku."

Wawili hawa walikuwa na desturi niliyoiona bila kuielewa. Vyombo vya kutengenezea baiskeli waligawana. Anselmi alibeba pompe ya kujazia upepo. Ramazani alibeba solisyon, ile gundi ya kuzibia mpira, pamoja na viraka vyake. Hakuna aliyebeba vyote viwili, ingawa vyote vingeingia katika mfuko mmoja. Na kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedali, waliulizana:

"Uko na solisyon?"

"Niko nayo. Weye uko na pompe?"

"Niko nayo."

"Basi tutangojana."

Nilidhani ni uhaba wa vyombo. Nilikuwa nimeandika kurasa themanini juu ya uhaba, ningedhani nini tena?

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima na valizi yangu nyuma, sanduku la kartoni lisilojua kupigana na mvua. Mahali pamoja tu pasipoingia maji palikuwa mfuko wa turubai wa Anselmi, uliofungwa katikati ya baiskeli yake. Wao walikuwa bado wanaaga wazee. Nikafungua mfuko, nikakuta pompe, funguo za nati na muhogo wa kuchoma. Memwari haikuingia. Nikawaza kama mtu aliyesoma: mvua ni ya hakika, mpira kutoboka ni bahati mbaya tu. Muhogo niliuacha, maana nilikuwa na njaa. Pompe nikaitoa, nikaiweka jikoni nyuma ya mtungi wa nyanya, mahali ambapo Anselmi asingekanyaga kamwe, kwa sababu mwanamume wa kwetu haingii jiko la mama mkwe wa kaka yake.

Walipoulizana maswali yao, Anselmi aliupapasa mfuko, akagusa kitu kigumu, akajibu, "Niko nayo." Kile kigumu kilikuwa usomi wangu.

Tulikuwa tumepita vijiji vitatu, kwenye mteremko wa mawe, mpira wa nyuma wa Anselmi ulipotoboka. Ramazani alikuwa mbele. Alituona hatuji, akarudi, akaanza kucheka kabla hajafika.

"Nilikuambia upunguze ugali, si mawese!"

Akachomoa mpira, akausugua, akapaka solisyon, akakibana kiraka kwa kidole gumba, akakipulizia kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kisha akanyoosha mkono. "Mwenye pompe, leta."

Anselmi akafungua mfuko akatoa memwari. Akaigeuza juu chini, kana kwamba pompe ingeweza kudondoka kati ya sura ya pili na ya tatu.

"Hii nini?"

"Ni memwari yangu, baba mudogo."

"Na pompe iko wapi?"

Hapo, mwanangu, nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: nimeiacha. Badala yake nikasema, "Nilikuta mufuko iko na nafasi, pompe haimo. Ndiyo nikaweka kitabu."

Jana yake jioni Ramazani alikuwa ameazima pompe hiyo kujazia gurudumu lake. Anselmi akamgeukia.

"Ramazani, pompe."

"Nilikurudishia. Nilitia mu mufuko na mukono wangu mwenyewe."

"Basi mutoto anasema uongo?"

Ramazani akanitazama, na hakunitazama kwa haraka. Nafasi aliyonipa ingetosha kwa memwari nzima. Mimi nikaanza kufuta matope kwenye kiatu.

"Hapana," akasema mwishowe. "Mutoto aliyesoma namna hii hawezi kudanganya juu ya pompe. Pengine ni miye nimesahau."

Tulijaza tairi kwa majani, tukalifunga, wakasukuma. Baiskeli iliyojazwa majani hutembea kama mlevi. Kabla ya saa kumi ikaanguka, bidoni moja ikapasuka, mawese yakashuka barabarani mekundu mpaka mtaroni. Anselmi alisimama kuyatazama, kisha akasema bila kumwangalia mwenzake, "Mutu akipoteza chombo na anakana, mimi siwezi kushika njia naye." Ramazani alishika baiskeli yake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaendelea kuisukuma ya Anselmi kwa nyuma, mpaka tukafika Kasongo siku iliyofuata, bila mzaha hata mmoja.

Wiki hiyo Anselmi alinunua pompe mpya, na solisyon pia. Ramazani alinunua pompe yake. Kila mmoja akawa amekamilika. Hapo ndipo nilipoielewa ile desturi. Mtu aliyekamilika haketi juu ya mlima kumngoja mtu. Walipita njia ileile miaka mingi, mmoja Jumatatu, mwingine Alhamisi.

Na pompe? Noeli nilirudi Wamaza nikamkuta nyanya anapulizia moto kwa hiyo pompe, amefurahi kama msichana. "Chombo hii iko na pumuzi kunishinda," akaniambia. Niliketi nikala wali uliopikwa kwa moto ule, nikanyamaza. Mwaka uliofuata nikanyamaza tena. Kunyamaza nako ni kazi inayozoeleka.

Mwezi uliopita, baada ya matanga ya nyanya, binamu yangu alinitumia kifurushi kwa pikipiki. Nyanya alikuwa ameacha neno: chombo ya moto apewe mwalimu. Niliiweka mezani, mpini wake umeungua, lakini herufi A aliyoichonga Anselmi bado inaonekana. Sikulala mchana, na mimi usingizi wa mchana siukosi kwa jambo dogo.

Nikampelekea Anselmi. Alikuwa barazani anamenya karanga, magoti yake hayapandi tena baiskeli. Nilimweleza yote bila tanbihi. Akaigeuza pompe, akaivuta, ikatoa pumzi ya majivu usoni mwake. Sikuthubutu kucheka.

"Ramazani umemwambia?"

"Bado, baba mudogo."

"Miaka yote hii namuona mu matanga, tunasalimiana kama watu wa serikali." Akakung'uta maganda mapajani. "Leta simu."

Nasaha nakupa hapa, mwanangu, kabla ya simu, kwa sababu baada yake sina la kuongeza. Beba maji. Beba plastiki ya mvua, funguo za nati, na muhogo zaidi ya unaodhani utaula. Lakini usibebe vyote. Tafuta kwanza mtu, halafu mgawane vyombo, ili kila mmoja awe na sababu ya kumngoja mwenzake. Usitoe kitu katika mfuko wa mtu kabla ya kumuuliza anakibebea nini, hata kama umesoma, na hasa kama umesoma. Na ukikosea, sema palepale, wakati solisyon bado mbichi. Mungu akutangulie milimani, akushikie breki kwenye miteremko, na kila utakapogeuka nyuma umwone mtu wako anakuja.

Ramazani siku hizi anakaa Kabambare kwa binti yake. Niliweka simu kwa sauti kubwa, nikaishika kati yetu.

"Allo? Nani?"

Anselmi alikohoa. Nilidhani ataanza na mimi, na kosa langu. Hakunitaja.

"Ramazani. Uko na solisyon?"

Upande wa pili tulisikia jogoo, na mtoto anayeitwa aje kuoga. Kisha tukasikia mtu anavuta kiti, anaketi.

"Niko nayo," sauti ikasema, polepole. "Weye uko na pompe?"

"Niko nayo. Iko hapa mukononi. Ilikuwa Wamaza."

Nilihisi ananitazama tena, kama kule kwenye mteremko. Safari hii sikutazama viatu.

"Basi," akasema Ramazani, "tutangojana."