Siku Flora Alipoacha Ukoko

Nakumbuka Jumapili moja ambayo chakula kiliisha bila ugomvi, nami kwa upumbavu wangu nikashukuru. Binti yangu Flora, wakati huo ana miaka sita, alizoea kugombania ukoko wa wali na kaka zake mpaka sufuria ipinduke. Siku hiyo alisukuma sahani. "Wapeni wao," akasema. Nikajiambia, hatimaye mtoto wangu amepata adabu.

Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Lupiro, hakusifu. "Huyu anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Wewe msomi, mwangalie mtoto kinywani."

Nikamwangalia kwa tochi ya simu. Meno yalikuwa meupe kama mchele wetu. Ili mama anyamaze, nikampeleka kwa daktari wa meno hapa Ifakara, binti mdogo aliyeniamkia vizuri, akamkagua mtoto, kisha akataka kumpiga picha ya eksirei.

"Kwa macho sioni tundu, mzee, ila nikigusa hapa anashtuka. Magego yake yamebanana. Yakioza hapo katikati, bila picha hatuoni."

"Picha ni ya aliyevunjika, binti. Na mionzi je?"

"Ni kidogo sana, na tutamfunika. Mimi naogopa kuoza."

"Hayo ni meno ya utoto. Yataanguka, tutayarusha juu ya paa."

"Chini yake kuna mengine yanasubiri, mzee. Na kuna taya."

Chuo kikuu nilisoma falsafa, nikaandika tasnifu nzima kuhusu mambo yasiyoonekana kwa macho. Nilipata alama nzuri. Nikamshika mtoto mkono tukaondoka.

Mvua zilipokuja shavu lake lilivimba mpaka jicho likafumba, na homa ikampanda. Ndipo picha ikapigwa. Daktari yuleyule aliniita nitazame. Hakunisimanga; afadhali angenisimanga. Kati ya magego mawili palikuwa na kivuli kidogo kama punje ya mtama, na chini yake mfupa ulikuwa umeliwa. Walimpasua, wakatoa usaha. Homa ilipona. Taya halikupona; ugonjwa ulikuwa umefika kwenye kiungo chake, nacho kikaganda.

Sasa Flora ana miaka kumi na minne, na kinywa chake kinafunguka upana wa kidole kimoja. Hospitali kubwa wamemfungua kinywa kwa upasuaji mara mbili, kimejifunga tena. Anakula uji na wali wa kupondwa. Hajawahi kunilaumu. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja, na siku hizi hacheki sana. Mama yangu, ambaye sasa anaishi nasi, bado hukwangua ukoko kila Jumapili na kumwekea kipande pembeni. Kaka zake hawakigusi. Kinapoa pale mpaka kuku wapewe.

Wewe kijana unayeanza kulea, mwanangu, siku ile hairudi, kwa hiyo chukua hili ulitumie wewe. Mtoto akibadili namna ya kula, usifikiri ni adabu; anakuambia kitu. Usidanganywe na weupe wa jino. Meno ya utoto nayo ni meno, na mtoto ana kazi nayo leo. Daktari akitaka picha, muulize maswali yako yote, kisha sikiliza majibu. Mimi niliuliza tu.

Mungu aijaze nyumba yako kelele za ukoko ukitafunwa, na wanao waugombanie mpaka uchoke kuwaamua.