Rangi Aliyopaka Baba Ella

Pulchérie hakutoka nyumbani bila kuangalia kwanza. Alifungua mlango kidogo, akatupa jicho kwenye korido, akatupa jicho kwenye lifti, ndipo akamruhusu bintiye Ella anyanyue mguu. Majirani wa ghorofa ile ya Barabara ya Weston walimzoea, mama wa makamo anayechungulia kama kuku aliyehisi mwewe.

"Mama Ella, hapa ni Toronto," mumewe Bonaventure alimwambia kila mara. "Unamtafuta nani kwenye lifti?"

"Simtafuti mtu. Nataka nimwone kabla hajaniona."

Kwa desturi hiyo alitoka Uvira, Kongo, na watu wake wakiwa hai vita vilipoingia mwaka wa tisini na sita, na hakuona sababu ya kuiacha kwa kuwa tu amefika kwenye nchi yenye lifti.

Kwa hiyo kiangazi kile, Ella aliporudi kutoka sikukuu ya kuzaliwa ya mwanafunzi mwenzake akiwa amebeba bunduki, mama aliiona kabla mtoto hajavuka kizingiti. Ilikuwa bunduki ya maji aliyoshinda kwenye mchezo. Ndefu kama mkono wa mtu mzima, kijani kama ndimu changa, tangi lake rangi ya chungwa, kifyatulio cha waridi.

"Toa hicho kitu nyumbani kwangu."

Ella alijibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu kila kitu: ni ya maji tu, mama, hata rangi huioni?

"Rangi nimeiona. Macho ninayo." Akaichukua, akaipandisha juu ya kabati la jikoni.

Ella akalia. Bonaventure akamwombea. Ikashushwa. Kesho yake Pulchérie akamkuta mtoto amelala kifudifudi kwenye balkoni, jicho moja limefumbwa, anawalenga wapita njia, akaipandisha tena. Kiangazi chote kikaenda hivyo, juu na chini, mpaka mama mwenyewe akachoka kupanda kiti.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee alikofua na kukunja mashuka, alimlalamikia Naheed, msimamizi wa dobi. Naheed alikuwa Mwismaili, mzaliwa wa Mwanza, aliyekuja kila asubuhi kwa treni kutoka Mississauga, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shuka lililopigwa pasi.

"Dada, wewe umeumwa na nyoka, ukiona ung'ongo unashtuka," Naheed alimwambia. "Ile rangi ndiyo usalama wenyewe. Inamwambia kila mtu kwamba huu ni mchezo."

"Inamwambia mtoto kwamba bunduki ni pipi."

"Sasa ungependa iwe nyeusi?"

"Ningependa isiwepo! Bunduki ikivaa gauni haiwi bibi harusi. Mbona hili gumu kueleweka?"

Hakumweleza neno hilo alikolitoa. Wiki ile ya mwisho Uvira, alimwona kijana akija barabarani na kitu begani kilichofungwa kitenge cha maua ya manjano. Yeye aliyezoea kuona mapema, siku hiyo aliona maua. Akadhani ni mwavuli, au mtoto mgongoni kwa mtu. Hakuwaita watoto wa dada yake waingie ndani. Kijana alipofika karibu, mdomo wa chuma ulichungulia katikati ya maua. Alichukua baiskeli na mbuzi, akaenda zake, Mungu ni mkubwa. Tangu hapo Pulchérie hakutaka mtu amweleze habari za rangi.

Ikaja Desemba. Kanisa lao la Wakongomani na Warundi, waliosali Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kupanga, liliandaa igizo la Krismasi. Mpangaji alikuwa Brice, kijana mwenye ndevu chache na mipango mingi. Mariamu alipatikana, Yosefu akapatikana, na Herode akawa mchungaji wa kanisa mwenyewe kwa sababu ya tumbo lake kubwa. Wakabaki askari wa Herode, wanaokuja Bethlehemu kutafuta watoto.

"Askari wanahitaji bunduki," alisema Brice.

Watu wazima wote wakaitika. Bila shaka. Askari ni bunduki. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona askari akija kijijini na upanga kiunoni. Ella peke yake ndiye aliyenong'ona kwamba zamani zile walikuwa na mapanga na mikuki, na kwa kuwa alinong'ona kwa Kiingereza, hakuna aliyejisumbua kumjibu.

Bonaventure akateuliwa kuwa kamanda. Alikuwa na sauti ya kupiga ukuta na koti refu la kijeshi alilonunua kwenye duka la mitumba. Siku ya mazoezi alitoka nyuma ya pazia na bunduki ya Ella, kijani, chungwa na waridi. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

"Papa Bonaventure!" Brice alipiga kelele. "Unakwenda kuua watoto au kumwagilia maua?"

"Herode amefilisika!" akadakia mwingine. "Jeshi lake linauza juisi!"

Bonaventure alicheka nao, lakini Pulchérie alimjua. Mume wake alipuliza rangi kwenye rafu za chuma kiwandani, na hakuna kitu kilichomkera kama kazi isiyo na heshima.

Jumamosi yake Pulchérie aliporudi kutoka sokoni, alifungua mlango kidogo kama kawaida, akachungulia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mfuko wa vitunguu ukamtoka mkononi. Mezani, juu ya magazeti, ilikaa bunduki. Nyeusi. Siyo nyeusi ya kitoto, bali nyeusi ya mafuta, iliyopigwa msasa kwanza ili rangi ishike, na kwenye ncha na kingo imeguswa kidogo na fedha, kama chuma kilichochubuka kwa kushikwa miaka mingi.

"Eeh?" Bonaventure alisimama kando na mikono kiunoni. "Sema kitu."

"Umefanya nini?"

"Makoti matatu ya rangi. Kila moja nimelingoja likauke."

"Baba Ella, umefanya nini! Jumapili utabeba hiyo kwenye basi? Wewe, mtu mweusi, na koti la kijeshi, na hiyo?"

"Ni ile ile ya Ella. Haijabadilika hata msumari."

"Mimi na wewe tunajua. Dereva wa basi anajua? Polisi anajua?"

Bonaventure akatabasamu polepole, na Pulchérie akajua kinachokuja. "Lakini wewe mwenyewe, miezi yote hii, umesema rangi si kitu. Bunduki ikivaa gauni haiwi bibi harusi. Sasa nimeivua gauni, unalia?"

Alitaka kumpiga na kitunguu. "Nilisema rangi haiifanyi kuwa nzuri! Sikusema uiondoe! Mungu wangu, nimeolewa na nani? Mtoto anataka bunduki ya pipi, baba anataka bunduki ya kweli, na mimi niliyezikimbia zote ndiye ninayepikia nyumba hii!"

Ella alisimama mlangoni, amenuna, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kuhusu bunduki yake.

Kuirudisha ilivyokuwa hakukuwa na muda. Jumapili asubuhi Pulchérie alifanya alichoweza. Alilijaza tangi maji ya bomba mpaka juu, akaifunga bunduki ndani ya kitenge, akaitia kwenye kapu, juu yake akaweka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na bugali iliyofungwa. Kapu alilibeba yeye. Kila mwanamke wa kanisa lile alikwenda ibadani na kapu la chakula, na hakuna polisi ambaye angemshuku mama mwenye sombe.

"Mbona nzito?" Bonaventure aliuliza ukumbini alipokabidhiwa.

"Shika unyamaze."

Igizo lilianza vizuri. Mariamu alisahau maneno, mchungaji akatoa amri ya Herode kwa sauti ya mahubiri, watu wakacheka. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo, na Bonaventure akaingia mbio na wenzake wawili waliobeba fimbo za kupigia deki, akinguruma, bunduki mbele.

Watoto walishangilia. Lakini Pulchérie aliyekaa pembeni, mahali anapoona watu wote, aliona viti vya katikati vikinyamaza. Kina mama waliofika mwaka ule ule walikuwa wameacha kupiga makofi. Na Donatienne, aliyekuwa hajamaliza mwezi tangu atoke kambini Tanzania, alikuwa tayari chini ya kiti. Kabla mtu hajamshika alitambaa, akainuka, akatoka mbio kwa mlango wa mbele bila koti.

"Mama Donatienne!" Bonaventure aliita. "Ni mchezo! Rudi, mama, ni mchezo!"

Na akamfuata. Mtu mwenye moyo mwema kabisa, na akili ya kwenda nayo hana. Alitoka nje vile vile, koti la kijeshi, bunduki mkononi, akikimbia kwenye theluji ya maegesho nyuma ya mwanamke anayepiga mayowe.

Pulchérie alifika mlangoni na kuona yote kwa mara moja. Donatienne amechutama nyuma ya gari. Bonaventure amesimama juu yake na bunduki, anampa mkono wa pili. Na ng'ambo ya barabara, ndani ya kioo cha duka la sigara na magazeti, mwenye duka ameshika simu sikioni, macho yamemtoka, anawaonyesha kwa kidole.

Alikimbia na kandambili za ukumbini. Alimnyang'anya mume wake bunduki, akageuka ili mtu wa dukani aone vizuri, akamfyatulia maji usoni.

"Mama Ella!"

Akafyatua tena. Maji yakampata kinywani, yakatiririka ndevuni, yakaingia shingoni katika baridi ile ya Desemba. Bonaventure akarukaruka kama mbuzi. Pulchérie akaendelea kufyatua, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaanza, akamwaga hasira zote za tangu kiangazi. "Makoti matatu! Ndiyo haya! Makoti matatu!"

Ng'ambo, mwenye duka alishusha simu taratibu, akaweka kiganja kichwani.

Lakini simu ilikuwa imeshapigwa. Gari la polisi lilikata kona kabla hawajaingia ndani. Polisi kijana alishuka, mkono kwenye mkanda, na Pulchérie akaiacha bunduki ianguke kwenye theluji, akafungua mikono. Mwenye duka alitoka mbio na aproni yake akipiga kelele, maji, maji, ni ya maji! Polisi akatazama uso wa Bonaventure unaodondoka. Akaiokota bunduki, akaikwaruza kwa ukucha. Chini ya nyeusi kukatokea mstari wa kijani cha ndimu.

Alizungumza kwa muda, bila kupandisha sauti. Ella alikuwa amefika bila koti, amemshika baba yake kiunoni. Ndipo mtoto yule, ambaye hata chumvi aliiomba kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta kila neno:

"Baba, anasema usitembee nayo hivi tena. Anasema rangi iko na kazi yake. Anasema kama yeye angefika mapema kidogo, mbele ya maji... hajui angefanya nini."

Hakuna aliyecheka. Bonaventure akamvuta bintiye ndani ya koti lake.

Donatienne ndiye aliyeinuka kwanza, akajipangusa magoti. Pulchérie alimvisha koti lake mwenyewe.

"Pole, dada. Ilikuwa na rangi nzuri kabisa, kijani na chungwa. Huyu mpumbavu wangu ndiye aliyeipaka."

Donatienne aliitazama bunduki mkononi mwa polisi. "Hata ingekuwa na rangi ya ndizi ningekimbia," alisema. "Rangi ni ya hao ambao hawajaiona bunduki."

Pulchérie alimshika mkono. Alimwongoza ndani kwenye sombe kabla haijapoa.

Jumatatu alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alikaa jikoni na stilwaya na chupa ya dawa ya kuondoa rangi ambayo Bonaventure aliwahi kuileta kutoka kiwandani. Madirisha yote yalikuwa wazi, baridi inaingia, na yeye anasugua. Koti la kwanza la rangi lilitoka kwa urahisi. La pili likamtoa jasho. La tatu lilikuwa limeshika kweli kweli. Mume wake ni fundi, hilo hakulikataa, na ndilo lililomuudhi zaidi. Kijani kilirudi kwa mabaka, na waridi ya kifyatulio ikafifia, lakini mtu yeyote mwenye macho angejua ni mchezo.

Bonaventure alisimama mlangoni, pua inachuruzika kwa mafua.

"Kwa hiyo sasa rangi ina maana?"

"Baba Ella, leta kitambaa, unyamaze."

Akaleta. Ella akaja nyuma yake, akanyoosha mikono kwa matumaini. Pulchérie aliifuta bunduki, akaigeuza, akaitazama kila upande kama anavyotazama korido. Kisha akavuta kiti, akapanda, akairudisha juu ya kabati.